Barabara ya Kawawa Siku ya Mechi

Mgeni anayetaka kuijua Dar es Salaam huonyeshwa bandari, soko la Kariakoo na fukwe za baharini. Vyote hivyo vinastahili kuonyeshwa. Lakini anayetaka kuwajua wakazi wa mji huu na asimame kando ya Barabara ya Kawawa, siku Yanga au Simba inapocheza Temeke, awatazame watu wanavyokwenda na wanavyorudi.

Barabara hiyo huanzia Morocco, ikapita Kinondoni na Mkwajuni, ikaikata Barabara ya Morogoro pale Magomeni, ikateremka Kigogo na kuvuka bonde la mto Msimbazi, kisha ikaingia Ilala na kufika Chang'ombe. Hapo msafiri amekwisha kanyaga wilaya tatu, na uwanja mkubwa hauko mbali. Uwanja huo wa watu 60,000 ulifunguliwa mwaka 2007, na tangu 2020 unaitwa Uwanja wa Benjamin Mkapa. Jirani yake ni Uwanja wa Uhuru, ilikopandishwa bendera ya Tanganyika Desemba 1961.

Bonde nalo lina lake la kusimulia. Jina la Msimbazi ndilo la mtaa wenye makao ya Simba, na Jangwani, waliko Yanga, ni sehemu ya bonde hilo hilo ambalo mvua kubwa hulifurikia. Hivyo watani hawa, mmoja aliyezaliwa mwaka 1935 na mwenziwe 1936, ni majirani wa mto mmoja.

Katika msimu wa 2018/19 wana Jangwani waliipita njia hii kwa namna ambayo haijasahaulika. Klabu yao ilikuwa taabani. Mfadhili wao mkuu, Yusuf Manji, alikuwa ameacha uenyekiti mwaka 2017, ubingwa ukawa umehamia Msimbazi, na habari za malipo ya wachezaji kuchelewa zilikuwa kama habari za mvua wakati wa masika. Kocha wao kutoka Kongo, Mwinyi Zahera, aliwasihi wanachama na washabiki waichangie timu yao. Washabiki wakachanga, kila mtu kadiri ya mfuko wake.

Ndipo timu hiyo iliyokuwa ikipitishiwa bakuli ikaanza kushinda. Heritier Makambo akifunga, na Ibrahim Ajibu akimpikia mwenziwe pasi, Yanga walikwenda tangu Agosti 2018 hadi katikati ya Januari 2019 bila kufungwa hata mechi moja ya ligi. Hata Septemba 30, walipokutana na Simba yenye fedha na majina, walitoka sare ya bila kufungana. Wengi wa Jangwani waliipokea sare hiyo kama ushindi.

Ndugu msomaji, matumaini ya mshabiki wa timu maskini yana ngazi zake. Ushindi wa kwanza na wa pili huitwa bahati. Wa tano humfanya mtu aitafute kalamu, ahesabu pointi. Ukifika wa kumi, hahesabu tena za kwake peke yake, bali na za mtani, na usingizi huanza kumpaa. Katika daladala ya kwenda Temeke mtoto humuuliza babu yake, "Babu, mwaka huu ni wetu?" Naye mzee hujibu kwa sauti ya chini, "Ni wetu, mjukuu wangu, lakini usiseme kwa nguvu." Mzee yule hana shaka na timu. Anachokiogopa ni furaha yake mwenyewe, maana anajua gharama ya kuirudisha.

Msimu ule gharama hiyo ilikuwa na jina la jikoni. Simba walikuwa wakicheza Ligi ya Mabingwa Afrika, ambako walifika robo fainali, kwa hiyo mechi zao nyingi za nyumbani zililimbikizwa. Watu wakaziita viporo. Msimamo ulipotangazwa, Yanga alikaa juu. Lakini kila mama wa nyumbani anajua kwamba chungu kilichofunikwa si chungu kitupu. Mshabiki wa Jangwani aliushangilia uongozi wa ligi huku jicho moja likitazama viporo vya jirani.

Januari 2019, huko Shinyanga, mfululizo ulikatika. Stand United waliwafunga Yanga bao moja kwa bila. Februari, Simba nao wakashinda kwa bao la Meddie Kagere. Viporo vikapashwa moto, vikaliwa kimoja kimoja. Ligi ilipokwisha, Simba walikuwa na pointi 93 na Yanga 86. Na Stand United, waliokuwa wa kwanza kumwangusha kinara, walishuka daraja msimu ule ule.

Kuna watakaouliza: zile fedha zilizochangwa zilifaa nini? Ni swali la haki, hasa nyumbani, ambako shilingi ya mchango ina ndugu zake: mboga, mafuta ya taa, daftari la mtoto. Baba anayechangia klabu huku watoto wanalala na njaa hastahili sifa. Lakini yule aliyetoa cha ziada, akaacha soda yake au akatembea kwa miguu kutoka Chang'ombe hadi Kinondoni ili abakize nauli, hakununua ubingwa. Alinunua haki ya kusema "timu yetu" bila kuona haya. Kabla ya hapo alikuwa mtazamaji wa mali ya tajiri.

Miaka ilipita, na hali ikabadilika. Wadhamini walipatikana, na mwaka 2022 Yanga walitwaa ubingwa bila kupoteza hata mechi moja. Wakaendelea hadi mechi 49 za ligi bila kufungwa, mpaka Ihefu walipowazuia kule Mbarali Novemba 29, 2022, kwa mabao mawili kwa moja. Huo ni mfululizo mkubwa zaidi, na kombe lilikuwemo ndani yake. Hata hivyo, mwenye kushinda kwa nguvu za fedha hutumaini kwa urahisi, kama mtu mwenye akiba anavyotumaini mwisho wa mwezi. Wa 2018 walitumaini kama mkulima aliyepanda mbegu ya mwisho ghalani.

Kwa hiyo utakaposimama Magomeni au Kigogo jioni ya mechi, usiwatazame washangiliaji peke yao. Watazame na wale wanaorudi kimya, jezi begani, wakilipanda bonde kuelekea Kinondoni. Wakifika nyumbani watasema hawataki tena kusikia habari za kandanda. Jumapili ijayo waulize walipo, nawe utaambiwa: wamekwenda Temeke.