Kioo hakimjui ayeeyo

Leo hakuna video. Niko na hasira kidogo, so nimeandika.

Simu yetu ya nyumbani hapa Ifo ni ya tachi, na laini ni ya ayeeyo, bibi yangu. Tangu Bamba Chakula ifike Dadaab mwaka 2016, tumezoea chakula kupitia kwa simu. Bila PIN, hakuna kitu. Sasa shida ni kwamba kioo hakimtambui. Anagusa moja, kimya. Anagusa tena, kimya. Akikandamiza kwa hasira, kinaandika tatu mara mbili. Mwishowe anaita, "Ayeeyo, kuja unibonyezee." (Ndiyo, kwetu bibi humwita mjukuu jina lile lile analoitwa yeye. Zoeeni.) Na kwa vile mimi sikai nyumbani kila saa, PIN yake ishajulikana na binamu watatu, jirani, na mwenye duka. Mama mzima, hana siri hata ya tarakimu nne.

Nikaipeleka kwa fundi pale sokoni, ninakojifunza kazi tangu nimalize kidato cha nne. Akaigusa, ikaitika palepale. "Simu iko sawa," akasema. "Kidole ndicho kimechakaa." Tukacheka sana.

Lakini manze, alisema kweli. Tachi za siku hizi hazisikii nguvu ya mkono. Chini ya kioo kuna mistari myembamba isiyoonekana, yenye chaji kidogo ya umeme. Mwili wa mtu hupitisha umeme, kwa hivyo kidole kikigusa, chaji ya pale inabadilika, na chipu inapima. Ngozi ikiwa kavu na yenye sugu, mabadiliko yanakuwa madogo mno. Ayeeyo amepasua kuni na kubeba mitungi ya maji hapa tangu kambi ifunguliwe 1991. Chipu inaona hakuna mtu.

Usiku nikaanza kutafuta: nani alichora hiki kitu? Mmoja wao ni Bent Stumpe, mhandisi wa elektroniki kutoka Denmark, aliyekuwa CERN kule Uswisi. Mwaka 1972 walikuwa wanapanga chumba cha kuendeshea mtambo mkubwa, na ungehitaji maelfu ya vitufe. Yeye akachora nyaya za shaba juu ya kioo, kioo kimoja kikawa na vitufe 16 vinavyobadilika kazi. Mwingine, Wayne Westerman wa Marekani, mikono ilikuwa inamuuma kwa kuchapa akiwa mwanafunzi, akatengeneza sehemu ya kuguswa polepole bila nguvu. Kampuni yake, FingerWorks, ilinunuliwa na Apple 2005.

Yaani kila mmoja alianza na mkono aliokuwa anaujua. Siwalaumu. Ila mkono wa ayeeyo nani anaujua? Mimi. Na hiyo ndiyo kazi naitaka, kuchora kioo chenyewe. Kubadilisha vilivyopasuka ninaweza tayari. Pale Athi River kuna kiwanda cha kuunganisha simu tangu 2023, poa sana, lakini kuunganisha si kubuni.

Abti, mjomba wangu, anasema kibanda kinalisha watu, niache ndoto. Ana hoja. Kutoka hapa kwenda hata Garissa mjini nahitaji kibali, sembuse miaka ya chuo cha uhandisi. Nimejaza fomu ya ufadhili mara mbili. Ya tatu iko hapa mezani, nimekwama pale pa "anwani ya kudumu".

Halafu juzi nikaona kitu. Ayeeyo alitoka kutawadha, vidole bado vina unyevu kidogo, akagusa simu ikamtii mara ya kwanza! Tukajaribu tena kesho yake kabla ya Alasiri. Ikamtii. Nikamsaidia kufika pale pa kubadilisha PIN. Akanipokonya simu, akanigeuzia mgongo, akajifunika na shungi lake, akaandika mwenyewe.

Nimemuuliza ni ngapi. Amekataa kusema.