Lami Isiyounguzwa

Mjomba alirudi kazini jua limezama, na shikamoo zetu aliziitikia akiwa ameinamia ndoo, anasugua lami mikononi kwa mafuta ya taa. Alikuwa mshika reki: lori likimwaga, yeye anasawazisha, mtambo wa kushindilia unamfuata nyuma. Puani alijifunga leso iliyolowa maji. Usiku alikohoa.

"Lami haina simile, mjomba," aliniambia. "Ikikupolea, umeharibu kazi."

Nikakua naamini kazi ya maana lazima iunguze. Nilipopewa vijana wa kusimamia, niliwaendesha kwa moto huohuo.

Kumbe lami yenyewe haihitaji moto wote huo. Lami ya kawaida huchanganywa na kokoto kwenye nyuzi 150 hadi 180 za Selsiasi. Miaka ya 1990, huko Ulaya, wataalamu walijiuliza joto lote hilo la nini. Lami inachotakiwa ni kulegea tu, ienee kila kokoto. Wakaidungia maji kidogo. Maji yakikutana na lami ya moto hugeuka mvuke, lami ikaumuka povu kama maziwa yanayotaka kufurika, na povu hilo likazivisha kokoto kwa joto lililopungua nyuzi 20 hadi 40 kuliko la kawaida. Wengine hutia nta, wengine kemikali. Moto bado upo, maana kokoto mbichi hazishikani na lami. Ila tanuri hula mafuta kidogo, moshi hupungua, na mzigo huweza kwenda mbali ukafika ungali unashindilika.

Kilichonigusa zaidi ni hiki: lami iliyopikwa mno huzeeka mapema. Hewa huila ikiwa motoni, ikakakamaa, na barabara ikaja kupasuka.

Nilimkumbuka kijana mmoja, mwenye mkono mzuri kuliko wenzake wote. Alianza kazi akiuliza maswali kutwa. Baada ya miezi michache ya kelele zangu hakuuliza tena; akikosea, alificha. Nilimwita mkaidi. Nilimkakamaza mimi. Aliondoka kabla sijamwomba radhi.

Mwaka 2013, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilichapisha kwamba mvuke wa lami wanaouvuta watandazaji wa barabara huenda unasababisha saratani. Mjomba hakuwahi kuambiwa hilo.

Wahandisi mnaoandika zabuni, lami ya joto la chini ipo na imekwisha kutandazwa katika nchi nyingi. Iandikeni. Wanaoshika reki leo nao wana watoto wanaowasubiri jioni.