Daftari la Safari ya Kuala Lumpur



Tangu mimi na mama watoto turejee safarini, akina mama kadhaa wa mtaani na kijana mmoja aliyeoa juzijuzi wameniuliza suali moja: pesa za kwenda Malaysia mlizitoa wapi? Suali ni la haki. Mwalimu wa madrasa hana mshahara wa kupandia ndege, na mtaa wetu haukosi kuhesabiana. Nimeona bora nijibu hapa mara moja, nieleze jinsi tulivyopanga, pamoja na lile ambalo barazani sikulisema.

Pesa hazikuwa zangu. Zilikuwa za mke wangu. Kwa miaka minane amekuwa akiuza mahamri asubuhi, na kila Ramadhani kaimati na sambusa, na alichobakisha akakiweka kidogo kidogo. Mimi nilijua kwamba anaweka. Nilichokuwa nimekwisha kuamua moyoni, bila kumuuliza, ni kwamba siku moja pesa hizo zitaezeka upya paa la jikoni, ambalo huvuja kila masika. Darasani nafundisha kwamba mali ya mke ni ya mke, na mume hana haki nayo ila kwa ridhaa yake. Nimelifundisha somo hilo zaidi ya miaka ishirini. Nyumbani kwangu lilikuwa halijafika.

Mwaka juzi daktari alimwambia ana presha ya macho. Maradhi haya huanza kula pembezoni mwa upeo wa macho, na kilichopotea hakirudi. Dawa ya matone huzuia tu yaliyobaki yasiende upesi. Alinieleza kwamba anaona kama mtu achunguliaye kwa mwanzi. Baada ya miezi michache, tukiwa tumemaliza kula, akasema: “Sheikh wangu, nataka kwenda kuona mji mkubwa wa Waislamu wa mbali, kabla mwanzi haujaziba. Nina shilingi 298,000.”

Nikamjibu: “Na kwa macho hayo utaona nini huko?”

Hakunijibu. Aliondoa vyombo, akaviosha, akalala. Binti yetu mkubwa ndiye aliyenijia siku ya pili, akasimama mlangoni mwa chumba changu cha vitabu na kusema kwa adabu, “Baba, neno ulilomwambia mama ungemsikia mwanafunzi wako akimwambia mkewe, ungemfanyaje?” Nilikaa na suali hilo tangu adhuhuri hadi alasiri. Kisha nikatoka, nikanunua daftari la kurasa 96, nikaliweka mbele ya mke wangu pamoja na kalamu. Nilimwomba radhi. Alinisamehe, lakini alichukua muda, na ilikuwa haki yake.

Basi tukaanza kupanga. Kwa nini Kuala Lumpur? Kwanza, Hijja tulikwisha kujaliwa, alhamdulillahi, kwa hiyo hapakuwa na faridha iliyotangulizwa. Pili, Wamalei ni watu wa madhehebu ya Shafi kama sisi wa pwani, na elimu yao imepitia kwa masharifu na mashekhe wa Hadhramaut kama yetu. Tatu, chakula halali hakitafutwi kwa tochi. Na nne, ambalo kwa mfuko wetu ndilo lililokuwa kubwa, ukishafika, maisha ya mji ule ni nafuu. Ringiti moja ilikuwa kama shilingi 30, na sahani ya wali ya kumshibisha mtu haikutupita ringiti 10 katika mikahawa ya kawaida.

Tiketi ndiyo inayokula pesa. Hapa tulianza vibaya. Wakala mmoja, ambaye jina lake nalihifadhi, alituahidi safari kamili kwa bei ya ajabu, akapokea arubuni ya shilingi 15,000, kisha simu yake ikawa haipatikani. Mke wangu aliandika hasara ile ukurasa wa kwanza kwa wino mwekundu. Baada ya hapo tulifanya wenyewe. Binti alifuatilia bei kwa miezi minne, tukaepuka likizo za shule na siku za Idd, tukakubali ndege ya kubadilisha Ghuba na kungoja saa tisa kiwanjani. Watu wawili, kwenda na kurudi kutoka Nairobi, tulilipa 186,000. Yuko aliyetushauri tukope tulipe pole pole pamoja na faida yake. Hilo sikulijadili. Safari ya kutembea si dharura ya kumwingiza mtu kwenye riba, na kama pesa hazijatosha, mji haukimbii.

Nawasihi akina mama wanaopanga wasipuuze makaratasi. Anayetoka Kenya hutakiwa kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na chanjo yenyewe ipigwe si chini ya siku kumi kabla ya safari. Kuna pia fomu ya kuwasili inayojazwa kwa intaneti ndani ya siku tatu kabla ya kufika, nayo ni bure. Yeyote anayekudai pesa kwa kuijaza, mkwepe. Masharti ya viza na muda wa kukaa hubadilika, yaulizeni ubalozini. Hotelini, mgeni hulipa kodi ya utalii ringiti 10 kwa chumba kwa kila usiku, juu ya bei uliyoiona, na wengi hushtuka wakifika. Upande wa nafuu, vichwa vya umeme vyao ni vya meno matatu bapa kama vyetu, hamna haja ya kununua adapta. Matone ya macho yalikaa kwenye mkoba wa mkononi pamoja na barua ya daktari.

Mpango wenyewe tuliujenga juu ya macho yake. Tulitafuta chumba karibu na kituo cha treni, mtaa wenye njia pana za miguu. Matembezi yaliwekwa asubuhi, mwanga ukiwa mzuri na mvua bado, kwani kule mvua nzito aghalabu hushuka alasiri. Mapango ya Batu, ambayo kila mtalii huyaendea, tuliyafuta kwa kuwa yana ngazi 272. Jambo la usiku tuliliruhusu moja tu, na hilo ni yeye aliyelishikilia.

Kutoka kiwanja cha ndege kuna treni ya kasi ya dakika 28 hadi kituo kikuu, ringiti 55 kwa mtu. Kuna basi la kwenda kituo hicho hicho kwa chini ya nusu ya hapo. Tulipanda basi. Limechukua zaidi ya saa nzima, na mke wangu akapata kuona mashamba ya michikichi yaliyojipanga kama safu za swala, kwa hiyo sidhani tulipoteza kitu. Mjini treni zinakwenda kila upande. Unalipa, mashine inakupa kidude cha plastiki cha buluu kama kishikizo kikubwa, unakigusisha mlangoni ukiingia na kukitumbukiza ukitoka. Dada zangu watafurahi kujua kwamba treni za KTM Komuter zina mabehewa ya wanawake peke yao.

Asubuhi ya kwanza tulikwenda Masjid Jamek. Jina la mji lina maana ya makutano ya mito yenye matope, na msikiti huo, uliofunguliwa mwaka 1909, umesimama penye makutano yenyewe, ya mto Klang na mto Gombak, mahali ulipoanzia mji wa wachimba madini ya bati katikati ya karne ya 19. Ni wa matofali mekundu na mistari meupe, na majengo marefu ya vioo yameuzunguka kama watu wazima waliomzunguka mtoto anayesoma. Mke wangu alisimama uani, akageuza kichwa taratibu kutoka kulia hadi kushoto, kwa maana hivyo ndivyo aonavyo sasa, kipande baada ya kipande. Nilitaka kumharakisha, jua limekuwa kali. Nikanyamaza.

Masjid Negara, msikiti wa taifa uliofunguliwa 1965, una paa kama mwavuli uliokunjuliwa nusu na mnara wa mita 73. Hatua chache kutoka hapo kuna Makumbusho ya Sanaa za Kiislamu. Kama mna pesa za kiingilio kimoja tu, zipelekeni hapo. Kuna misahafu ya kila nchi, na mifano midogo ya misikiti mikubwa ya dunia. Mifano ile ilimfaa mke wangu kuliko misikiti yenyewe, kwani msikiti mzima ulienea ndani ya mwanzi wake kwa mara moja.

Alfajiri za kule zilinichanganya. Mji uko nyuzi 3 kaskazini ya ikweta, na Mombasa nyuzi 4 kusini, lakini saa yao imesogezwa mbele: Alfajiri huingia karibu na saa kumi na mbili, na Magharibi baada ya saa moja. Kwa kuwa tulinuia kukaa siku saba kamili, hatukukusuru tulipokuwa mjini. Safari njiani ndiyo tuliyopunguza na kuchanganya. Imamu aliposoma kunuti katika rakaa ya pili ya Alfajiri, nilihisi niko msikitini kwetu, ila mazulia ni mapya.

Lugha nayo ilitutania. Mtu akikuuliza “apa khabar” unajua amekuuliza habari. Wakati ni waktu, dunia ni dunia, riziki ni rezeki. Na kando ya Kiarabu, meza kwao ni meja na bendera ni bendera, kwa kuwa Mreno aliyeichukua Malaka mwaka 1511 ndiye yule yule aliyejenga Ngome ya Yesu hapa kwetu mwishoni mwa karne hiyo. Mama watoto aliagiza nasi lemak, akaonja, akaweka kijiko chini. “Huu si wali wa nazi?” Ndio, ni wali wa nazi, pamoja na dagaa waliokaangwa, njugu, yai na pilipili ya kusaga. Roti canai nayo ni chapati ya kusukuma yenye matabaka, na mchuzi wa dengu pembeni, kwa ringiti mbili hivi. Tulikula hivyo karibu kila asubuhi katika mikahawa ya Waislamu wa asili ya Kitamil, ambayo mingine haifungwi usiku wala mchana.

Kampung Baru, mtaa wa Wamalei uliotengwa tangu mwaka 1900, bado una nyumba za mbao zilizoinuliwa juu ya nguzo, na ukitazama juu ya paa zake unaona minara pacha ya Petronas, mita 452, orofa 88. Nyumba moja ilikuwa na kuku uani. Mzee wa nyumba alituona tumesimama, akatukaribisha barazani. Hatukuwa na lugha ya kutosha. Mkewe alikuwa akikuna nazi, na kifaa alichokikalia kilikuwa mbuzi, mbuzi wetu huu huu, ubao wa kukalia na ulimi wa chuma wenye meno. Mke wangu hakuomba ruhusa kwa maneno. Aliketi chini, akapapasa meno ya chuma kwa kidole gumba, na yule mama akaondoka akampisha. Akakuna nazi nusu kifuu, macho yake yakiwa mbali kabisa na kazi ya mikono yake. Wale wanawake wawili walicheka sana. Mimi na mzee tulinywa chai tukawaangalia.

Usiku wa mwisho ndio aliokuwa ameushikilia: minara ikiwa imewashwa taa. Kupanda juu ni ghali, kuitazama kutoka bustanini chini ni bure, na msikiti wa As-Syakirin uko hapo hapo, tuliswali Magharibi tukatoka. Niliogopa gizani hataona kitu na moyo wake utavunjika. Tulikaa kwenye ukingo wa maji. Minara aliiona, kwa kuwa inang’ara na iko mbele. Kisha akanishika mkono akasema, “Sasa niambie kushoto kuna nini.” Nikamwambia: watoto wawili wanakimbia, mwanamke wa buibui jeusi anapiga picha, maji yanapanda buluu kisha kijani. “Na kulia?” Nikamwambia na kulia.

Tulirudi na shilingi 14,600. Ameziandika ukurasa wa mwisho uliotumika, na daftari amelifungia kabatini. Bado lina kurasa tupu nyingi. Paa la jikoni linavuja kama lilivyokuwa. Nimeanza kuweka, safari hii kutoka mfukoni mwangu, na kwa sasa tumetega ndoo.