Vitu vya Askari Ndani ya Sanduku la Bati



Juma hili napenda kuzungumza nanyi juu ya jambo lililonijia mara tatu katika muda wa mwezi mmoja, kila mara kutoka nyumba tofauti hapa Kanazi na vigango vya jirani. Mzee aliyepigana Vita vya Kagera amefariki, au yu mahututi, na jamaa wanamwuliza paroko wafanye nini na vitu vyake vya jeshi. Si ajabu kwamba maswali haya yanakuja sasa. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoingia katika nchi yetu, leo anakaribia miaka 70. Wale waliokuwa wakubwa zaidi tumekwisha kuwazika wengi.

Kumbukumbu kubwa za vita hivyo zina wenyewe wa kuzitunza. Makaburi ya mashujaa yapo Kaboya, wilayani Muleba, pamoja na mnara wenye majina yao. Pale Kyaka, jirani na daraja ambalo maadui walilivunja Novemba 1978, kuta za kanisa lililobomolewa zingali zinaonekana. Lakini vitu vidogo vimo chini ya vitanda vyetu: mkanda, buti, chupa ya maji, mkebe wa chakula, kitambulisho kilichofifia, Medali ya Kagera katika kikasha chake, barua aliyoandikiwa mke. Kofia ya chuma nimeiona kwa macho yangu ikinyweshea kuku. Siwalaumu wenye kuku. Hakuna aliyewaambia ilikuwa kichwani mwa nani na ilitoka wapi. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 nalo lilizifukia nyingi za hazina hizi, kwa maana kuta zilipoanguka watu walifukua kwanza watu, kisha mabati, kisha magodoro, na sanduku la mzee likawa la mwisho.

Kabla sijaendelea, niseme neno juu ya sheria, kwa sababu hofu imewaumiza baadhi yenu. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilitoa siku 7 kwa raia wenye sare za jeshi, au nguo zinazofanana nazo, kuzisalimisha. Sababu yake inaeleweka: wapo wahalifu waliovaa kombati na kuwatisha watu. Lakini tangazo lile lilimfikia pia mjane mmoja wa parokia yetu, ambaye koti la marehemu mumewe lilikuwa limelala katika sanduku la bati tangu vita vilipokwisha. Hakumwuliza mtu. Usiku alilipeleka migombani, akalichoma kwa majani makavu ya mgomba. Asubuhi alirudi kuokota vifungo katika majivu. Aliponisimulia alitoa vifungo hivyo katika fundo la kanga, vinne, akasema, "Padre, hivi navyo nitafungwa?"

Hakuna wa kumfunga bibi yule kwa vifungo. Hata hivyo, sare zinapasa kurudishwa kambini, polisi au kwa viongozi wa serikali ya kijiji, nami ninawashauri mtii. Linaloniuma ni kwamba koti lilitoweka bila mtu kulipiga picha, bila kuandika alilivaa nani, na lile tundu la mkono wa kushoto lilitokana na nini. Mjane anajua. Wajukuu wake hawajui, nao wanaishi naye nyumba moja.

Kuhusu silaha, risasi na mabomu sina la kushauri isipokuwa moja: usiguse, toa taarifa polisi. Mnakumbuka Novemba 2017, katika shule ya msingi Kihinga kule Ngara, watoto walipoteza maisha kwa bomu la mkono ambalo mwanafunzi aliliokota akidhani ni chuma chakavu. Kitu kile hakikuwa na mtu wa kukieleza. Kwa mtoto kilikuwa chuma cha kuuza kwa kilo.

Hapa ndipo ninapofika kwenye lile ninalotaka kulisema. Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli kuna kuhani aliyetunza kumbukumbu ya vita. Daudi anapomkimbia Sauli anafika Nobu, hana silaha, na kuhani Ahimeleki anamwambia kwamba hapo upo upanga mmoja tu, ule wa Goliathi, umefungwa katika nguo nyuma ya vazi la kikuhani. Kila ninaposoma sehemu hiyo natabasamu, kwa sababu kuhani hamtajii Daudi upanga tu. Anamweleza ulikuwa wa nani na aliuawa wapi. Anamweleza Daudi mwenyewe, mtu aliyemwua mwenye upanga! Ahimeleki alikuwa amezoea kuutaja upanga pamoja na habari yake, hata mbele ya mtu asiyehitaji kuelezwa.

Kanisa limerithi mazoea hayo. Tunapopokea masalia ya mtakatifu, tunapokea pamoja nayo hati yenye muhuri, inayosema masalia haya ni ya nani na yamethibitishwa na nani. Bila hati, padre hathubutu kuyaweka mbele ya waamini yaheshimiwe. Tena Kanuni ya 1190 ya Sheria za Kanisa inakataza kabisa kuuza masalia matakatifu. Medali ya babu si masalia ya mtakatifu, wala sisemi ipewe heshima hiyo. Lakini kijana aliyenijia akiuliza kama medali ya babu yake inaweza kumpatia bei ya simu, nilimwuliza babu aliipata kwa kupigana wapi. Hakujua. Nikamwambia aende kwanza akaulize, kisha arudi tuzungumze habari ya bei. Hajarudi bado, na sijui kama ni dalili njema.

Sasa nisimulie habari nzito zaidi. Sikuipata katika kitubio, na mwenyewe ameniruhusu kuisimulia bila kumtaja jina. Ni mzee aliyejiunga na mgambo, akavuka Mutukula Januari 1979, akaingia Masaka mwezi uliofuata. Ninyi wenye umri mnajua yaliyotendeka Masaka. Mji ule ulipigwa vibaya na majeshi yetu, na majengo yake mengi yakaangushwa kulipiza yale tuliyotendewa Kagera. Katika nyumba isiyo na paa mzee huyu aliokota kitabu cha sala cha Kiganda, akakitia mfukoni. Wenzake, anasema, waliokota redio.

Alikirudisha nyumbani, akakifunga katika kipande cha lubugo, na kwa miaka zaidi ya 40 amesali nacho, kwa kuwa Kiganda na Kihaya ni ndugu na maneno mengi yanasikika. Watoto wake wanakiita "kitabu cha baba". Hawakujua si cha baba mpaka mwaka huu, nilipompa Mpako Mtakatifu wa Wagonjwa na yeye akaomba kitabu kirudishwe. Ndani ya jalada pameandikwa kwa kalamu ya risasi jina la msichana, jina la parokia yake na mwaka wa Komunyo ya Kwanza. "Padre," aliniambia, "kila nilipokifungua nilisoma jina hilo kwanza. Nimesali na mtoto huyu maisha yangu yote, wala sijui kama alipona."

Watoto wake walipinga. Walisema ni kumbukumbu yao pekee ya vita vya baba yao, na kwamba mwenye kitabu huenda amekwisha kufa. Hoja yao ina uzito, nami sikuidharau. Watu wa Bukoba wanajua maana ya kuporwa. Juni 1915 Waingereza waliushambulia mji wetu, wakaharibu kituo cha simu ya upepo cha Wajerumani, na askari wao wakapora nyumba kabla ya kurudi melini. Mwaka 1978 askari wa Amin walibeba ng'ombe wetu, mabati yetu na mitambo ya kiwanda cha sukari. Nani alirudisha hata kijiko? Mmoja wa watoto aliniuliza hivyo, kwa hasira, na sikuwa na jibu la kumridhisha. Nilimwambia tu kwamba anayeomba ni baba yake, angali hai, na haombi kingine.

Tumekubaliana hivi. Kila ukurasa umepigwa picha, na mzee amesimulia habari yote mbele ya wanawe, nao wameiandika katika daftari na kutia sahihi. Daftari litabaki kwao. Kitabu kitakwenda. Padre mmoja wa upande wa Masaka, niliyemfahamu masomoni, amepokea picha ya jalada lile na amejibu kwamba parokia iliyotajwa ipo, na kwamba ameanza kutafuta katika vitabu vya Komunyo ya Kwanza vya mwaka ule. Isingalikuwa mistari ile mitatu ya kalamu ya risasi, tusingalijua pa kuanzia.

Jumapili ijayo, baada ya Misa ya kwanza, vijana wa VIWAWA watakuwa ukumbini na madaftari na simu za kupigia picha. Mwenye medali, kitambulisho, barua, mkebe au mkanda wa mzee wake aulete pamoja na mtu anayejua habari yake. Kitu kitapigwa picha, habari itaandikwa, na mtarudi nacho nyumbani. Asiyeweza kutembea aseme kwa mwenyekiti wa jumuiya yake, vijana watamfuata. Wazee, msione aibu kusimulia hata yale yasiyo na ushujaa. Mwenye sare asije nayo kanisani. Anitafute katika juma, nitamsindikiza mwenyewe kwenda kuikabidhi. Na yule bibi wa vifungo vinne nimekwisha kumwambia aje navyo, tena akae mstari wa mbele.

Nawatakieni Jumapili njema.