Mkono wa Kulia

Mkono huu tumeuita kwa kazi yake: mkono wa kulia, yaani wa kulia chakula. Nimelitamka neno hilo tangu utotoni bila kulifikiria, hadi mwezi wa Shaaban mwaka 2012, mkono wa kulia wa mama yangu ulipopooza.

Ilikuwa asubuhi, nyumbani kwetu Tanga. Mama alikuwa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi. Nikasikia kipande cha nazi kimeanguka na kubingirika hadi kwenye beseni. Kugeuka, mdomo umekwenda upande na mkono unaning'inia. Shangazi akasema ni upepo, aitwe mzee wa kumsomea. Mzee akaja, akasoma. Simlaumu mtu, maana hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba kwa kiharusi kila saa ina thamani yake. Hospitali tulifika baada ya adhuhuri. Tukaambiwa inaelekea mshipa umeziba upande wa kushoto wa ubongo, na upande huo ndio unaoongoza mkono na mguu wa kulia. Kwa watu wengi ndio unaobeba lugha pia. Presha ilikuwa juu sana, nasi hatukuwahi kumpima.

Maneno yalimpotea. Akitaka maji alisema "hicho, hicho," kisha analia. Lakini usiku wa pili shangazi alipoanza kusoma Al-Fatiha, mama aliidaka, akaenda nayo hadi mwisho bila kukosea herufi. Tulikumbatiana tukidhani amepona. Asubuhi hakuweza kunitaja jina langu. Baadaye nilielezwa kwamba maneno ya kuhifadhi, kama dua au kuhesabu moja hadi kumi, mara nyingi husalimika hata pale ambapo yale ya kutunga mwenyewe yamekatika. Siku ile sikujua, na iliniuma mno.

Tuliruhusiwa na vidonge. Habari ya mazoezi hakututajia mtu.

Nyumbani tulikuwa mabinti watatu na shangazi, na mama hakuachiwa afanye lolote. Tulimwogesha, tukamvisha, tukamchana nywele. Chakula tulimlisha, uji kwa kijiko na wali kwa tonge. Mkono wa kushoto ulikuwa mzima, lakini kula nao hakutaka hata kusikia. Alilelewa kwamba kula kwa kushoto ni aibu na dini haipendi, basi akaona afadhali alishwe. Majirani walitusifu kwamba mama amepata watoto, nasi tukazidi kujituma.

Zikapita siku kama arubaini. Jirani mmoja akatuletea kijana, mtaalamu wa viungo, ambaye mtaani tulimwita daktari wa mazoezi. "Shikamoo, Bibi." Mama akatikisa kichwa. Kijana hakumgusa. Aliketi mkekani akatutazama tunavyomlisha, kisha akatoa karatasi yenye mambo kumi: kula, kuoga, kujisafisha uso na meno, kuvaa, haja kubwa, haja ndogo, kutumia choo, kuhama kitandani kwenda kitini, kutembea, kupanda ngazi. Alama hutolewa tano tano, jumla yake 100. Ni kipimo cha Barthel, kilichochapishwa Marekani mwaka 1965 na bado kinatumika duniani kote.

"Anakula mwenyewe?"

"Anaweza, ila tunamlisha."

"Sikuuliza kama anaweza, dada. Nimeuliza kama anakula."

Akaandika sifuri. Kwenye kuvaa, sifuri. Kwenye kutembea, sifuri. Mama alipata 25. Nilikasirika, nikaona katukosea adabu. Ilinichukua siku kadhaa kukubali kwamba sifuri nyingine hazikuwa za kiharusi. Zilikuwa zetu.

Tukaanza kujizuia, na kujizuia ni kazi ngumu kuliko kumwogesha mtu. Mama alihangaika na mkono wa gauni robo saa nzima, nami nimekaa juu ya mikono yangu mwenyewe. Mguu ulirudi kwanza. Mwezi wa tatu baada ya kiharusi alikuwa akitembea na mkongojo hadi barazani. Mkono ukabaki umekunjika kifuani.

Hapo ndipo daktari mmoja alipotuambia tusitegemee zaidi, kwa kuwa miezi mitatu imepita. Neno hilo lina mizizi ya kweli. Utafiti wa Copenhagen wa mwaka 1995, uliofuatilia wagonjwa 1,197, ulikuta kwamba asilimia 95 walifika upeo wao katika shughuli za kila siku ndani ya wiki 12 na nusu. Lakini kuna utafiti mwingine, wa Marekani, uliotangazwa mwaka 2006. Ulichukua watu 222 waliopata kiharusi miezi mitatu hadi tisa kabla. Kundi moja lilivalishwa glavu kwenye mkono mzima karibu muda wote wa kuwa macho kwa wiki mbili, huku mkono mgonjwa ukifanyishwa mazoezi, nalo likapiga hatua kubwa kuliko kundi jingine. Mbinu hiyo chanzo chake ni kazi ya Edward Taub, aliyeona kwamba mkono ukijaribu na kushindwa mara nyingi, mwenyewe huzoea kuuacha, hata pale nguvu inapoanza kurudi.

Kijana wetu aliijua. Alisubiri mama aweze kuinua kiganja kidogo na kufungua vidole kidogo, kwani bila hivyo haifai. Mwezi wa nne akatuambia tushone mfuko wa kanga kuukuu, mkono wa kushoto utiwe humo saa chache kila siku. Shangazi alilia. "Unamfunga mama yako?" Nikamwambia nafanya hivyo, na nikafunga.

Siku za kwanza zilikuwa za kuokota pamba, kisha vipande vya muhogo, kisha punje za mahindi kwenye sinia. Wali ulikuja mwisho. Sahani mbele yake, wali wa nazi na samaki. Vidole vilikwenda vikitetemeka, vikafunguka nusu, vikafumba. Tonge likapanda, likamwagikia kangani. Zilizofika mdomoni hazikuzidi punje tatu. Alizitafuna polepole, akanitazama, akasema: "Tena." Neno hilo nilikuwa sijalisikia kinywani mwake tangu Shaaban.

Baada ya mwaka mmoja karatasi ilisema 90. Zilizopungua zilikuwa za kuoga na ngazi. Tukafurahi, ila mama alinyoosha kidole kwenye mzigo wa miyaa ukutani, akatikisa kichwa. Alikuwa msusi wa ukili, mikeka yake ilitafutwa hadi Pangani, na kwenye karatasi ile ukili haumo. Ukili haukurudi hadi leo. Vidole havina wepesi ule, na miyaa tuliigawa.

Presha tunampima kila Jumatatu, na vidonge hakosi. Maneno yamerudi mengi, ingawa majina ya watu humchelewea. Chakula anakula mwenyewe, kwa mkono wa kulia, nusu saa na zaidi. Ukija kwetu ukamkuta anakula, karibu, kaa naye mkekani, zungumza naye. Ila usimsaidie.