Senti za Utafiti wa Chai

Msomaji wangu, katika nchi yetu ya chai, toka Kericho mpaka Bomet, hapana neno linalochoma masikio kama neno "makato". Mkulima huamka alfajiri, umande ungali juu ya majani, akachuma majani mawili na chipukizi lake, akajitwika kapu mpaka kituoni, karani akapima na kuandika. Mwisho wa mwezi hupewa karatasi. Juu yake mna kilo alizouza. Chini yake mna orodha ya vilivyopunguzwa: mbolea, mkopo, na vingine ambavyo mtu mwenye macho mazuri na subira nyingi huweza kuvifahamu. Fedha za utafiti aghalabu hazimo katika orodha hiyo. Ushuru wake, unapokuwapo, hutozwa mbele zaidi, majani yakiisha kuwa chai kavu. Walakini kisima chake ni kapu lile lile, na zaidi ya kilo 4 za majani mabichi ndizo zitoazo kilo 1 ya chai.

Mimi nimelelewa na chai. Karo yangu ya sekondari, na baadaye ya chuo cha ualimu, ilitoka katika vidole vya mama yangu. Kwa hiyo nisemapo kuwa mkulima hana budi kuulipia utafiti, sisemi kama mgeni apitaye barabarani akasifu ukijani wa vilima.

Mwaka mmoja, bonasi ilipokuwa haba, mzee jirani yetu alinisimamisha njiani. "Mwalimu," alisema, "wewe umesoma. Wale watu wa Timbilil wanakula senti zangu. Wamenifanyia nini?"

"Mzee," nilimjibu, "twende shambani kwako."

Shamba lake lina sehemu mbili. Ya juu ilipandwa na marehemu baba yake kwa mbegu. Vichaka vya mbegu ni kama watoto wa tumbo moja: wamezaliwa pamoja, lakini hawalingani kimo wala tabia. Hiki huchipuka upesi, kile huchelewa. Hiki hustahimili kiangazi, kile hunyauka jua likizidi siku chache. Sehemu ya chini aliipanda yeye mwenyewe kwa vipandikizi. Kipandikizi ni jani moja na kipande kifupi cha shina, kilichokatwa katika kichaka bora, kikatiwa katika kifuko cha udongo, kikatunzwa kitaluni chini ya kivuli mpaka kikatoa mizizi. Vichaka vyote vya sehemu ile ni nakala za mama mmoja, na vyote huchipuka kwa pamoja. Nilimwuliza mzee ni wapi anajaza kapu upesi. Alionyesha chini, kisha akacheka, maana alijua ninakokwenda.

Basi yule mama mmoja alipatikanaje? Hapo ndipo penye gharama. Watafiti hupita katika maelfu ya vichaka wakivitazama mmoja mmoja, wakachagua vichache, wakavizidisha, wakavipanda mahali pa juu na pa chini, penye mvua nyingi na penye mvua chache, wakapima mavuno mwaka baada ya mwaka, wakatengeneza chai na kuionja. Vingi hutupwa. Aina iitwayo 6/8, ambayo wakulima wadogo wameipanda sana kwa uzuri wa kikombe chake, ilichaguliwa hapa hapa Kericho. Chai ya zambarau, iliyopewa nambari 306/1, ilitolewa kwa wakulima mwaka 2011 baada ya kazi ya miaka kama 25. Fikiri, msomaji: mtoto aliyezaliwa kazi hiyo ilipoanza alikwisha kuwa mtu mzima. Ni mfanyabiashara gani atakayetia fedha zake leo akangoja muda huo, na aina yenyewe ikiisha kutoka jirani huweza kukata tawi usiku akaipanda kwake bure?

Na jirani ndiye kiini cha jambo hili. Kama kulipa kungekuwa hiari, kila mtu angengoja mwenzake alipe, kwa kuwa mche mzuri ungemfikia vile vile. Kwa sababu hiyo nchi za chai zimefuata njia ya ushuru: senti kidogo katika kila kilo, kwa amri ya sheria, kwa mkubwa na mdogo. Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, iliweka sheria ya namna hiyo mwaka 1925. Huko Assam wenye mashamba walikuwa wamekwisha kufungua kituo cha Tocklai mwaka 1911. Hata wakulima wa zabibu wa Australia hutozwa ada kwa kila tani iingiayo katika mvinyo, na serikali yao huongeza fedha zake juu ya zao kwa kipimo kilichowekwa. Mpango huu wa mwisho naupenda zaidi, kwa kuwa serikali haiwezi kujitoa ikamwachia mkulima mzigo wote, wala mkulima hawezi kukaa akiingoja serikali.

Kwetu, Taasisi ya Utafiti wa Chai ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 1951, ikihudumia Kenya, Uganda na Tanganyika. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 nyumba hiyo iligawanyika, na mwaka 1980 ikazaliwa taasisi ya Kenya peke yake, iliyolishwa kwa ushuru wa wakulima. Kwa sheria ya mwaka 2013 iliingizwa katika shirika kubwa la utafiti wa kilimo na mifugo, ikawa mtoto mmoja kati ya wengi wanaonyosha mikono katika sinia moja. Kisha, mwaka 2016, ushuru wa asilimia 1 ya thamani ya chai ulifutwa. Watu walishangilia. Siwalaumu, kwa maana bei ilikuwa mbaya, na mwenye njaa hawezi kuambiwa habari za miaka 25 ijayo. Lakini mfereji uliokuwa ukileta maji Timbilil uliazimwa kwa furaha ya msimu mmoja. Sheria ya Chai ya mwaka 2020 iliuandika ushuru upya, na kuutaja utafiti miongoni mwa wenye haki ya fungu. Kuandikwa ni jambo moja, na kulipwa kwa wakati ni jambo jingine.

Sidai kwamba kila senti imezaa. Wapo wakulima walioipanda chai ya zambarau kwa matumaini makubwa, kisha wakakosa kiwanda cha kuisindika peke yake, wakaiuza kwa bei ya majani ya kijani. Mtafiti alifanya kazi yake, soko halikuandaliwa. Mwenye kulipa ana haki ya kuuliza kwa nini, na kuuliza kwa sauti.

Nami naona haki hiyo ndiyo thamani kubwa ya ushuru, kuliko hata miche. Mwenye fedha ndiye achaguaye swali. Mwaka 2023, hapa Kericho, mashine za kuchumia chai zilitiwa moto na watu walioona zinawanyang'anya kazi. Sikubali kuchoma mali. Lakini angalia: mashine ile ni jibu la swali lililoulizwa na mtu mwenye mashamba makubwa na mishahara mingi ya kulipa. Mama yangu, mwenye nusu eka mtelemkoni, hakuliuliza kamwe. Swali lake ni mbolea kiasi gani itoshe katika udongo uliochoka, na nini cha kupanda pale ambapo baridi kali ya Januari 2012 iliunguza vichaka. Asipotoa chochote, hana njia ya kulidai jibu.

Muhula uliopita niliwaagiza wanafunzi wangu waandike kila mmoja swali moja ambalo angependa senti za nyumbani kwao ziulize. Mmoja aliuliza kwa nini chai iliyo karibu na mikaratusi hukauka kwanza. Mwingine aliuliza kama mvua ya mawe, ambayo hapa kwetu hupiga kila mwaka, huumiza aina zote sawasawa. Msichana mmoja wa kiti cha nyuma aliuliza kama kuna mtu aliyepata kupima mgongo wa mchumaji kwa uangalifu ule ule wa kupimia majani. Niliyakusanya yote katika bahasha moja, nikaandika juu yake jina la Timbilil. Nawe, msomaji, ikiwa kwenu mna chai, tazama kwanza karatasi ya mama yako, kisha uandike lako.