Kitabu cha Viboko

Ofisini kwa mwalimu mkuu wa shule niliyofundisha, wilayani Muheza, palikuwa na kabati la chuma, na ndani ya kabati kitabu chenye jalada jeusi. Kila ukurasa ulipigwa mistari: tarehe, jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko, sahihi ya mwalimu. Nimejaza kurasa nyingi za kitabu kile kwa mkono wangu mwenyewe. Sasa nimestaafu, na jioni nikikaa barazani hunijia jambo ambalo miaka yote ile halikunijia hata mara moja: shule nzima haikuwa na kitabu cha kuandika mtoto alichofanya vizuri.

Nilianza kazi mwaka 1987. Darasa langu la kwanza lilikuwa na watoto zaidi ya themanini, watano dawati moja, wengine sakafuni. Kengele yetu ilikuwa ringi ya gari iliyoning'inizwa mwembeni. Ikishalia, mwalimu wa zamu alisimama njiani na fimbo, akiwasubiri waliochelewa. Tuliamini kwa moyo safi kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Walimu wetu walituchapa, nasi tukasoma hadi tukawa walimu; tukadhani ni fimbo iliyotufikisha.

Kulikuwa na mvulana wa darasa la nne aliyelelewa na mjomba wake. Msimu wa machungwa ukifika, aliamshwa alfajiri kupakia matenga kabla ya kuja shule, hivyo jina lake halikukauka kitabuni. Wiki moja mwaka 1994 zamu ilikuwa yangu. Jumatatu akawahi. Jumanne akawahi. Jumatano nilimwona anakuja mbio, shati limelowa umande, akaingia mstarini kabla kengele haijanyamaza. Alhamisi vilevile. Siku zote nne nilimwona, na siku zote nne sikumwambia neno. Ijumaa akachelewa. Nikamchapa viboko viwili, nikaenda ofisini kuandika.

Siku nne za jitihada zilipita kama hazikuwapo. Siku moja ya kosa ikapewa tarehe, idadi na sahihi. Mtoto yule alijifunza nini kwangu wiki ile? Alijifunza kwamba mwalimu huwa na macho siku ya kosa tu.

Wala siwezi kusema sikufundishwa. Chuo cha ualimu tulisoma habari za Edward Thorndike, Mmarekani aliyewafungia paka ndani ya vizimba na kuandika mwaka 1898 jinsi walivyojifunza kufungua mlango. Kitendo kinacholeta jambo jema hurudiwa. Tulimsoma pia B. F. Skinner, aliyesema kwamba adhabu huzima tabia kwa muda tu, haijengi tabia mpya. Tuliyakariri majina hayo, tukayajibia mtihani, tukafaulu. Kisha tukapangiwa vituo, na siku ya kwanza kazini tukakata fimbo.

Linaloniuma zaidi ni kwamba hata bila Thorndike, tulikuwa na elimu hiyo nyumbani. Mcheza kwao hutuzwa. Utotoni nilimwona mwanamke akichomoka katikati ya watu, ngoma imekolea, akambandika mpigaji noti kipajini na kumfunga kanga mpya kiunoni. Hakungoja kesho. Alimtuza wakati mkono ungali juu ya ngozi ya ngoma, na kila aliyekuwa uwanjani alijua anatuzwa kwa lipi. Kwenye chuo cha Kurani, mtoto akimaliza juzuu, mama yake alipeleka sinia la vitumbua, na wenzake wote walikula furaha yake. Chanda chema huvikwa pete, tulisema. Tulipofika kwenye lango la shule, pete tukaiacha nje, tukaingia na bakora.

Hivi karibuni niliomba ruhusa nikakaa nyuma ya darasa la pili, shule nyingine hapahapa wilayani. Mwalimu ni binti mdogo, watoto wake ni karibu sabini. Mkono wake ulikuwa na chaki tu. Mtoto mmoja alikwama kwenye neno "ng'ombe", akarudi nyuma, akajaribu tena, akalipata. Mwalimu akasema, "Umekwama, ukarudia mwenyewe mpaka ukaliweza. Mpigieni makofi matatu." Dakika chache baadaye alipita karibu na dawati moja akasema kwa sauti ya chini, "Leo umemsubiri mwenzako amalize ndipo ukazungumza. Nimekuona." Mvulana yule akanyoosha mgongo. Dawati la nyuma yake nalo likatulia.

Nilisikiliza kwa makini alivyosifu. Hakusema "una akili". Alitaja kitendo. Nimekuja kujua kwamba Claudia Mueller na Carol Dweck walilipima jambo hilo, wakalichapisha mwaka 1998: watoto waliosifiwa kwa akili zao walivunjika moyo upesi walipokutana na maswali magumu, na waliosifiwa kwa bidii wakaendelea kujaribu. Maana bidii mtoto anaweza kuiongeza kesho. Akili aliyosifiwa kwayo, hubaki akiogopa kuipoteza.

Hapo nikakumbuka siku zetu za kufunga shule. Tulitoa daftari na kalamu kwa wa kwanza hadi wa tatu, muhula baada ya muhula, watoto walewale. Mtoto aliyepanda kutoka nafasi ya sabini hadi ya hamsini alikuwa amepanda ngazi ishirini, akarudi nyumbani mikono mitupu. Zawadi zetu zilimfuata aliyekwisha kufika. Aliyekuwa njiani hakuna aliyemtazama.

Mambo yanabadilika, ingawa polepole. Kenya iliondoa viboko shuleni mwaka 2001. Huku Tanzania Bara, kanuni za mwaka 2002 bado zinaruhusu, visizidi 4, kwa mwalimu mkuu au aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na kila tukio liandikwe kitabuni. Kile kitabu bado kipo kisheria. Namwomba kila mwalimu anayekishika afungue na cha pili, daftari la kawaida tu, na kabla ya kengele ya mwisho aandike majina matatu na walichokifanya vizuri. Atakayelazimika kuandika atalazimika kutazama. Mimi macho nilikuwa nayo, na darasa lilikuwa mbele yangu kila siku.

Mwaka jana nilikuwa stendi ya Muheza. Mwanamume mwenye mvi chache, anayeuza machungwa kwa jumla, aliacha matenga yake akaja mbio.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Alikuwa yeye. Akanichagulia machungwa, akakataa pesa yangu. Akawaambia vijana wake, "Huyu ndiye mwalimu wangu. Alinichapa sana, na haki yangu. Nilikuwa mchelewaji mimi, hakuna mfano."

Miaka thelathini amelibeba jina hilo, na mimi ndiye niliyemwandikia. Nikamshika mkono. Nikamwambia, "Sikiliza, mwanangu. Kuna wiki moja ulikuja mbio, shati limelowa umande. Jumatatu uliwahi. Jumanne uliwahi. Jumatano uliwahi. Alhamisi uliwahi. Nilikuona."

Alinitazama kwa muda mrefu. Hakuzikumbuka siku hizo. Aliikumbuka Ijumaa.